Mwaka Nilipofuga Wadudu wa Mpunga

Habari ya kifo cha Baba Hawa niliipata sokoni Rumonge, nikiwa nimeinama nachagua nyanya. Mwanamke anayeniuzia ndagala, dagaa wa ziwa letu, ambaye kwao ni Magara, aliisema kama mtu anayetaja mvua ya jana: "Yule Shabani wa kwetu, mwenye kuchechemea, tumemuzika juzi." Nyanya niliziacha pale pale. Nikapanda pikipiki mpaka Magara, nikakaa mkekani na wanawake, nikala nilichopewa, nikaitikia dua. Baadaye mama mmoja mtu mzima aliyekuwa karibu yangu akaniuliza, "Na weye, marehemu ulimujua wapi?" Nikamjibu kwamba tuliwahi kufanya kazi pamoja, mwaka mmoja, kule Rumonge. Akasema, "Aa, vizuri," akageukia mazungumzo mengine. Sikuwa nimedanganya, lakini njia nzima ya kurudi, ziwa likiwa upande wa kulia, nilikuwa nikijibu swali lake upya, kwa urefu, peke yangu. Nimekaribia miaka hamsini sasa. Nina wajukuu wawili. Na bado mlango ukigongwa na upepo nyumbani kwangu, hata nikiwa katikati ya kula, nainuka kwenda kuona kama umefungwa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimerudi kwetu kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma na cheti cha shule ambacho hapa hakuna aliyejua akifanyie nini. Nilipanga chumba kwa Mama Yusufu, mtaa wa Waswahili, chumba chenye kitanda kimoja, ndoo mbili, na ukuta ambao haukufika kwenye bati, kwa hiyo kila walichosema yeye na mumewe upande wa pili nilikisikia kama nimealikwa. Mama Yusufu alikuwa mnene, mwepesi wa kucheka, na alilima kipande cha mpunga bondeni, chini ya barabara, ambacho ndicho kililisha nyumba yake kutoka mavuno hadi mavuno. Jioni alinipitishia sahani ya ugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo, iliyong'aa mawese. "Kula," alikuwa akisema, "mutu mwembamba namna hii anatia nyumba aibu." Nilikuwa mgeni katika nchi niliyoambiwa ni yangu, na sahani ile ndiyo iliyonifanya niamini kidogo kwamba ni kweli.

Kazi niliipata kwa sababu ya macho. Juu kidogo ya mashamba ya mpunga, agronomu mmoja mwanamke, mtaalamu wa mazao kutoka bara, upande wa Gitega, alikuwa amekodi uwanja wenye nyumba ya vyumba vitatu, na ilisemekana anatafuta msichana aliyesoma. Jina lake Konsolata. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye nywele zilizokatwa fupi kama za mwanamume, na Kiswahili chake kilitembea kwa kujikwaa. Alitandika karatasi nyeupe mezani, akalipiga shina la mpunga juu yake mara moja, akasema, "Hesabu." Wasichana wawili walioitwa kabla yangu waliona vumbi. Mimi niliona vumbi lile linatembea. "Kumi na saba," nikasema. "Hapana, kumi na nane, mmoja yuko chini ya kidole chako." Konsolata aliinua kidole, akatazama, na hakutabasamu, lakini aliniambia nije kesho yake saa kumi na mbili asubuhi.

Nyumba ile naikumbuka chumba kwa chumba. Cha kwanza kilikuwa cha Konsolata, na hakikuwa na kitu ila kitanda na bahasha: mamia ya bahasha za mbegu zilizoning'inizwa kwenye nyaya kutoka darini kwa sababu ya panya, kila moja na namba yake, na upepo ukiingia zilikuwa zikisugua kwa sauti ya watu wanaonong'ona. Cha pili tulikifanya jiko na ofisi. Cha tatu kilikuwa cha mlinzi, Shabani, ambaye sote tulimwita Baba Hawa kwa jina la binti yake mkubwa. Alikuwa mvuvi wa Magara kabla mguu wake haujavunjwa na mtumbwi uliokuwa ukivutwa pwani, na tangu hapo mguu ule ukawa mfupi na ziwa likawa la wengine. Ndiye aliyetupikia maharage saa sita, akiyaonja kwa makini ya fundi. Tulikula watatu kwenye benchi moja, na Baba Hawa alipenda kumchokoza agronomu. "Mama, watu wanafuga mbuzi, wanafuga kuku. Weye tu ndiye unafuga wadudu." Konsolata alijibu bila kuinua macho: "Mbuzi haiwezi kunionyesha mupunga gani ni jasiri."

Maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Kuna kainzi kadogo kuliko mbu, katumbo kekundu, kanakotaga mayai kwenye jani la mpunga mchanga. Funza wake huteremka ndani ya shina mpaka mahali jani jipya linapozaliwa, na hapo badala ya shina kutoa suke, hutoa bomba refu, jeupe-jeupe, lenye uwazi ndani, kama jani la kitunguu. Shina lililotoa kitunguu halitazaa tena. Konsolata alikuwa ameuzalisha mpunga ambao watu wa Rumonge wanaupenda kwa ladha pamoja na mpunga mwingine wa zamani, mbaya kwa sufuria lakini mkaidi kwa wadudu. Alifanya hivyo kwa mkasi mdogo na kibano, ua kwa ua, na baada ya misimu mingi alikuwa na aina arobaini za watoto wa ndoa hiyo, na hakujua ni yupi aliyerithi ladha na ni yupi aliyerithi ukaidi. Njia ya kujua ilikuwa moja: kuwafungia wote ndani pamoja na wadudu. Wadudu walipaswa kuwa wengi, wenye afya, na tayari siku inayotakiwa. Mimi ndiye niliyewafuga.

Niliwafuga nyuma ya nyumba, katika kibanda cha wavu mwembamba sana uliopigwa kwenye fremu za mbao. Kilikuwa na milango miwili yenye nafasi ya mtu mmoja katikati, na sheria ilikuwa kwamba wa pili haufunguliwi mpaka wa kwanza ufungwe. Ndani kulikuwa na joto, unyevu, na harufu ya matope. Niliwanyunyizia maji mara nne kwa siku kama watoto wenye homa, maana wakikauka wanakufa, niliwabadilishia vyungu vya mpunga mchanga, niliwahesabu, niliandika. Kila nilipotoka Konsolata aliuliza, "Umefunga mulango?" Nikamjibu ndiyo kwa Kirundi chake, "Ego, Mama." "Milango yote mbili?" "Yote mbili." Chini yetu, hatua mia mbili tu, mashamba ya watu yalikuwa yanaanza kuota kijani. Nilianza kuwaota wadudu. Niliota wako kwenye shuka, kwenye ugali, kwenye masikio ya mtoto wa Mama Yusufu. Niliamka asubuhi nikiwa tayari nimechoka, na kabla sijanawa uso nilikuwa najaribu kukumbuka mkono wangu ukisukuma komeo jana yake, nisiweze kuwa na hakika kwamba naukumbuka mkono wa jana na si wa juzi.

Kilichotokea hakikuwa hata kwa uvivu. Ilikuwa alasiri ya masika, mawingu yameshuka kutoka milimani mpaka kwenye michikichi. Nilikuwa naingiza vyungu viwili vizito, kila mkono kimoja, kwa hiyo mlango wa nje niliuzuia kwa jiwe na wa ndani nikausukuma kwa goti, nikiwa na nia ya kurudi papo hapo kuifunga. Nikaweka vyungu chini. Hapo mvua ikaanguka, ile ya kwetu isiyoanza kwa matone, na Konsolata akapiga kelele kutoka mbele ya nyumba: "Sakina! Mbegu! Mbegu!" Tulikuwa tumeanika mbegu za msimu mzima juani, kwenye vitambaa. Nilikimbia. Tulizikusanya sote watatu, tukizikumbatia kifuani, tukaziingiza ndani, na tulipomaliza tulikuwa tunacheka kwa kuokoka, maji yanatutiririka puani. Baba Hawa alituchemshia chai ya tangawizi. Nikaenda nyumbani, nikala, nikalala usingizi mzuri, wa mwisho kwa muda mrefu.

Asubuhi nilikuta milango yote miwili wazi, jiwe limesimama pale pale kama mlinzi mwaminifu. Ndani, kwenye vyungu ambapo jana yake kulikuwa na wadudu mamia waliotoka siku hiyo hiyo kwenye maganda yao, nilihesabu thelathini na wanne. Nilihesabu tena, na tena. Kisha niliondoa jiwe, nikalitupa mbali, nikafunga milango, na nikasimama katika ile nafasi ya mtu mmoja katikati mpaka pumzi iliporudi. Konsolata aliponiuliza hesabu nilimwambia ukweli wa namba. "Thelathini na ine? Kwa nini?" Nikasema, "Labda baridi ya mvua, Mama." Akaandika. Nimefikiri mara nyingi juu ya neno lile *labda*, jinsi lilivyokuwa jepesi mdomoni. Ningesema pale pale, ingekuwa ni makosa ya mvua. Kila siku iliyopita iliyafanya yawe makosa yangu zaidi.

Wiki zikapita na mimi nikaanza kuamini kwamba upepo uliwapeleka ziwani, wakafa. Wanaishi siku mbili tatu tu, nilijiambia, na hawana nguvu ya kuruka. Jioni moja nilikuwa nimekaa kitandani na sahani yangu mapajani nikasikia Mama Yusufu upande wa pili wa ukuta, sauti yake imeshuka, haina kicheko. "Baba Yusufu, mpunga yetu iko na kitu. Inatoa majani ya kitunguu." Mumewe akauliza, "Kitunguu namna gani mu mpunga?" "Nakuambia kitunguu. Nimeng'oa moja, ndani iko tupu, inapiga filimbi." Kisha mumewe akasema, "Kwa Mama Neema je?" "Kwa Mama Neema kidogo. Kwetu ndiyo nyingi. Sisi ndio tuko karibu na ile nyumba." Hakusema nyumba gani. Nilikuwa na tonge mkononi. Nililishikilia mpaka likapoa, kisha nikalirudisha kwenye sahani polepole, kana kwamba kutafuna kungesikika.

Nilikwenda kuliona shamba kesho yake kabla ya kazi. Sikuhitaji kuinama. Mabomba yale meupe yalikuwa yamesimama kati ya kijani, mengi zaidi upande wa juu, upande wetu. Nikaanza kuyang'oa na kuyafumbata, kama mtu anayeweza kuficha shamba zima kiganjani. Mama Yusufu alinikuta hapo. "Sakina, mwanangu, umekuja kuangalia? Mungu akubariki. Weye umesoma mambo haya. Niambie, itapona?" Nilimtazama usoni. Nikasema, "Nitamuuliza agronomu." Akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili yenye matope, akanishukuru.

Maneno yalipanda kutoka bondeni yakiongezeka uzito. Mwanzo ilikuwa wanawake kisimani. Kisha vijana wakapita uwanjani kwetu wakitazama kibanda. Kisha akaja shefu wa kolini, kiongozi wetu wa mtaa, na kofia yake mkononi, akaongea na Konsolata kwa Kirundi kirefu chenye heshima nyingi, na alipoondoka Konsolata alituita jikoni mimi na Baba Hawa. Daftari langu lilikuwa wazi mezani. Kidole chake kilikuwa juu ya namba thelathini na nne. "Wiki hii," alisema, "ilikuwa nini?" Nikasema, "Baridi, Mama." Akamgeukia Baba Hawa. Kila jioni, kabla ya kufunga geti, kazi yake ilikuwa kuizunguka milango yote na kuikagua. "Ile jioni ya mvua kubwa. Uliangalia?"

Baba Hawa alikuwa mtu ambaye uongo ulimchukua muda mrefu sana kuufikiria, na kwa kawaida aliukatia tamaa. "Sikuangalia, Mama," akasema. "Mvua ilikuwa nyingi, na mguu uliniuma. Niliona dada Sakina ndiye ametoka kule. Nikajua amefunga."

Konsolata alinitazama. "Ulifunga?"

"Ego," nikasema.

Neno moja, silabi mbili. Na hata leo, watu wanaposema kwamba hofu hufanya mwili utetemeke, mimi nakumbuka kwamba sikutetemeka hata kidogo. Sauti yangu ilikuwa tulivu, sauti ya msichana aliyesoma. Baba Hawa alinitazama mara moja, si kwa hasira, bali kwa kushangaa, kama mtu aliyeweka mguu mahali alipojua kuna ngazi, asiikute. Konsolata aliandika barua ya kumwachisha kazi papo hapo, kwa Kifaransa, akaigonga muhuri. Alasiri ile ile Baba Hawa alifunga godoro lake nyuma ya baiskeli, akatoka getini akiisukuma, na watu waliokuwa wakirudi kutoka bondeni wakasimama kando ya njia kumtazama. Mmoja wao alitema mate chini. Maharage aliyoyabandika asubuhi yalikuwa bado jikoni. Konsolata alipakua sahani mbili. Hakuna aliyekula.

Nilivumilia siku kumi na moja. Ya kumi na mbili, siku ya Jumapili, nilipanda gari la kwenda Magara. Nilimkuta Baba Hawa juu ya mchanga akitandaza ndagala na mkewe, Mama Hawa, wakizigeuza kwa mikono ili zikauke sawasawa. Alinikaribisha kama mgeni yeyote, akamtuma mkewe alete maji. Nilimwambia kabla maji hayajafika. Jiwe, vyungu, mvua, asubuhi yake, yote, na lile "ego". Aliendelea kugeuza ndagala. Nikaanza kulia, na hapo ndipo aliposema, bila kupandisha sauti, "Usilie hapa, watu watazania nimekupiga." Akajipangusa mikono. "Sakina, nimeomba kazi ya ulinzi mahali pawili. Wote wanaomba karatasi ya kazi ya zamani. Karatasi yangu inasema nimezembea. Nimeifunga mu sanduku, lakini bila hiyo hakuna kitu." Nikasema nimekuja kuomba msamaha. Akatikisa kichwa. "Hapa hakuna mutu aliyeniaibisha. Hapa najulikana. Niliaibishwa kule, wanatazama nikisukuma godoro. Kaseme kule. Ukishasema kule, ndiyo urudi hapa kuniomba."

Mama Hawa alikuja na maji. Niliyanywa yote kwa sababu sikujua nifanye nini na kikombe.

Kule kulikuwa kumepangwa mkutano siku ya Jumatano, bondeni, kwenye tuta kubwa. Kila mtu alijua utakavyoisha: vijana walikuwa wameshaweka dumu la petroli kwa mmoja wao. Wadudu waliokuwa kwenye kibanda siku zile ndio waliokuwa wameachiwa juu ya zile aina arobaini, jaribio lenyewe, na zilibaki siku tisa tu mashina yaanze kuonyesha yupi kaugua na yupi kapona. Kikichomwa kabla, misimu yote ile ya mkasi na kibano ingebaki bahasha zenye namba. Konsolata alikuwa hajalala, macho yake mekundu. Asubuhi ya Jumatano alichana mkate akaniwekea nusu, akasema, "Leo usije. Watu wana hasira, na weye ni mutoto." Nilikwenda nyuma yake.

Shefu alifungua mkutano. Watu wakasema, mmoja baada ya mwingine, Mama Yusufu akasema pia, kwamba ameng'oa zaidi ya nusu ya shamba na hajui watoto watakula nini kuanzia mwezi wa saba. Ndipo nikasimama. Kirundi changu kilikuwa cha kambini, kibovu, nikasema kwa Kiswahili. Lakini wengi walikuwa wameteremka kutoka milimani na Kiswahili hawakisikii vizuri, kwa hiyo shefu aliinua mkono na kuyafasiri maneno yangu sentensi kwa sentensi. Nilisema: mlinzi hakukosa, ni mimi. Nikangoja, nikajisikia nikisemwa kwa Kirundi. Nilisema: niliacha milango wazi, nikaficha, nikaulizwa nikadanganya. Nikangoja tena. Katika maisha yangu hakuna ukimya niliouogopa kama ile pumzi kati ya sauti yangu na sauti ya shefu.

Mama Yusufu ndiye wa kwanza kusema. "Umelala mu nyumba yangu," alisema. "Umekula ku sahani yangu. Nilikuuliza itapona, ukanitazama." Hakutukana. Ingekuwa nafuu kama angetukana. Vijana walishaanza kupanda juu. Konsolata hakunitazama, alitembea mbele yao, akasimama, akawaambia kwa Kirundi kwamba kibanda ni chao, watakichoma, lakini kwanza wamfuate hatua hamsini. Aliwapeleka pembeni ya kijito, mahali mpunga wa porini unapoota wenyewe na hakuna mtu anayeujali. Alivua viatu, akaingia majini, akang'oa mashina mkono mzima, akayapasua kwa kucha moja baada ya jingine na kumpa kila mtu lake. Ndani mlikuwa na funza, wengine wekundu tayari. "Wadudu wangu wa kwanza nilitoa hapa," alisema. "Walikuwa hapa mbele mimi nifike. Walikuwa hapa mbele ya mashamba. Mwaka huu mvua imekuwa nyingi, wamependa."

"Na wale wa Sakina?" akauliza Mama Yusufu.

Konsolata angeweza kuniokoa na kujiokoa. Alisimama na maji magotini, akafikiri. "Wameongeza," alisema. "Kiasi gani, sijui. Hakuna anayeweza kujua."

Jibu hilo ndilo nililobaki nalo. Nimelala nalo miaka yote hii, na sijapata jingine. Walikubaliana hivi: siku tisa, kisha moto. Mama Yusufu alinitolea ndoo zangu mbili nje kabla ya magharibi, na nikahamia kwenye chumba tupu cha mlinzi. Konsolata aliniambia, "Kazi yako ni siku tisa. Baada ya hapo hakuna wadudu, hakuna kazi. Nitakufungia mulango mimi mwenyewe, nitakufungulia mimi mwenyewe." Na ndivyo alivyofanya. Kila alfajiri niliwahi kutoka nje kunusa kama kuna moshi. Vijana wawili walikaa getini siku zote tisa, wakituangalia kama tunavyoangalia maziwa jikoni. Siku ya tisa tulitoa vyungu, tukavipanga uwanjani mbele ya watu, na mimi nikapasua mashina huku Konsolata akiandika. Aina ya kwanza, vitunguu. Ya pili, vitunguu. Ya tano, ya kumi, ya ishirini. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi. Tulipofika ya ishirini na saba nilipasua shina, nikakuta funza mdogo sana, mweusi, amekauka. La pili hivyo hivyo. La kumi hivyo hivyo. Aliingia, akakuta hapaliki, akafa. Tulipata aina tatu za namna hiyo kati ya arobaini. Konsolata aliweka kalamu chini na kufunika uso kwa daftari. Kisha akampa Mama Yusufu kiberiti.

Kibanda kiliungua haraka. Wavu huungua kwa kukunjamana. Mama Yusufu alikataa mbegu aliyopewa siku ile, akasema hataki kitu kutoka nyumba hiyo. Mumewe alirudi kuichukua kimya kimya msimu uliofuata. Mbili kati ya zile aina tatu hazikufaa kitu, moja ilianguka kwa upepo, nyingine ukiipika inageuka uji. Ya ishirini na saba ilibaki, na ingawa nayo huguswa miaka mingine, haimalizwi. Siku hizi bondeni wengi wanapanda hiyo bila kujua ilikotoka. Mama Yusufu alianza kuniitikia salamu baada ya mwaka na nusu. Sahani hakunipitishia tena, na sikustahili.

Kesho yake baada ya moto Konsolata aliniita, akanipa ujira wangu na bahasha isiyofungwa. "Hii si yako. Ni ya Shabani. Nimemuomba kwa simu arudi, amekataa, ameomba karatasi tu. Mupelekee." Nilisafiri nayo mpaka Magara nimeibana kifuani, nisithubutu kuitazama. Baba Hawa alikuwa amekaa nje ya nyumba yake. Hakuniuliza kama nilisema kule. Habari ilikuwa imemfikia kabla yangu. Aliipokea bahasha, akaifungua, akaitazama karatasi juu chini kwa muda, kisha akanirudishia. "Ni Kifaransa," alisema. "Na mimi macho ya kusoma sina. Nisomee. Kwa Kiswahili."

Nikaisoma. Ilisema kwamba bwana huyu alifanya kazi ya ulinzi kwa uaminifu. Ilisema barua ya kwanza imefutwa na isitumike mahali popote. Kisha ilisema, na hapo nilisita, akaniambia endelea, kwamba kosa alilolaumiwa lilitendwa na mfanyakazi mwingine, na jina la mfanyakazi huyo lilikuwa limeandikwa, jina langu na la baba yangu, kwa herufi zilizonyooka. Nikalisoma. Upepo wa ziwa ulikuwa ukipiga karatasi nikaishika kwa mikono miwili.

Baba Hawa alinyoosha mguu wake mfupi mbele. Kisha akageuza shingo, akaita ndani ya nyumba, "Mama Hawa! Hebu kuya hapa." Mkewe akatoka, mikono imejaa unga wa muhogo, akasimama mlangoni.

"Soma tena," Baba Hawa akaniambia. "Asikie na yeye. Soma polepole."